Mji wa Saa Tisa na Nusu

Kila siku saa tisa na robo, Wakesho alijifunga leso kiunoni, akachukua bendera mbili nyuma ya mlango, nyekundu na ya kijani, akaenda kufunga geti la reli. Kazi hiyo ilikuwa imeandikwa kwa jina la mumewe, Mulei, lakini Mulei alikesha na geti usiku, na mchana akalala, na kwa miaka minne watu wa reli hawakuwa wameona tofauti yoyote. Geti lilikuwa maili tatu kutoka Voi, pale barabara ya kwenda Mwatate inapokatana na njia ya treni ya Taveta. Upande wa huku palikuwa na nyumba yao ya bati na mitungi miwili ya maji. Upande wa kule palikuwa na mkonge tu, mistari iliyonyooka kama ya daftari, mpaka kwenye jabali jeusi, na nyuma ya jabali milima.

Jumanne moja ya mwezi wa Machi, mwaka wa hamsini na nne, treni ya mizigo kutoka Moshi ilipita kwa wakati wake. Wakesho alipunga bendera ya kijani, dereva akampungia kofia, mabehewa yakapita moja moja na vumbi lake. La mwisho lilipokwenda, alisukuma geti kulifungua kama siku zote. Geti halikwenda. Lilikuwa limegonga ukuta wa duka la mikate.

Akalivuta kuelekea upande wake, likafunguka hivyo, kisha akaegemea nguzo kutazama.

Palipokuwa na mkonge sasa palikuwa na mji mdogo. Ulikuwa na uwanja uliotandikwa mawe ya mviringo, kisima chenye pampu ya chuma katikati, kanisa lenye kuba la kijani lililoegemea lile jabali jeusi, na nyumba za mapaa yaliyochongoka, zilizobanana bega kwa bega kama watu wanaongoja kupigwa picha. Saa ya mnarani ilikuwa nyuma ya saa ya reli kwa dakika kumi na moja. Bata bukini wawili walivuka uwanja bila haraka. Mwanamke mnene alifungua dirisha, akakung'uta mto, akalifunga.

"Mulei," Wakesho aliita bila kugeuka. "Kuna mji."

"Uko barabarani?" Mulei aliuliza kutoka kitandani.

"Hapana. Uko kwenye mkonge."

"Basi si wa reli," Mulei akasema, akageukia ukutani.

Baada ya kitambo akaja Bwana Kazimiri, Mpolandi, fundi wa mashine za kuchakata mkonge. Aliletwa Afrika wakati wa vita pamoja na maelfu ya Wapolandi wengine, wakakaa kambini, na vita vilipokwisha wenzake walipelekwa Uingereza na Kanada. Yeye alibaki kwa sababu siku majina yalipoitwa alikuwa shambani chini ya mashine. Shingoni alivaa ufunguo mkubwa ambao wakata mkonge wote walidhani ni wa stoo. Alipita getini na mikono yake ya grisi, akainua kofia, akasema, "Salamu, mama," akahesabu milango mitatu kutoka duka la mikate, akavua ufunguo, akafungua, akaingia.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na moja mji uliondoka na mkonge ukabaki. Bwana Kazimiri alikuwa amesimama katikati ya mstari, na mkononi tofaa lililoumwa mara moja.

Kesho yake mji ulirudi baada ya treni, na kesho kutwa pia. Jumapili haukuja, kwa kuwa Jumapili treni ya mizigo haikupita.

Watu waliuzoea upesi. Msimamizi wa shamba aliagiza mistari ile ikatwe asubuhi, ili wakataji wasije wakakatia panga kwenye mlango wa mtu. Wanawake wa Werugha, waliokuwa wakiteremsha mboga kutoka milimani mpaka sokoni Voi, waligundua kwamba watu wa mji ule walikuwa na njaa ya kabichi isiyoisha. Lois, aliyekuwa na mgongo wa kubeba kuliko wote, alibadilisha kabichi kwa mishumaa na vifungo, na kufikia mwezi wa Mei hakuna shati lililokuwa wazi kifuani Werugha nzima.

"Wananunua kabichi kisha wanaitia chumvi, wanaikanyaga ndani ya pipa mpaka inaoza," alimwambia Wakesho, akitua mzigo getini. "Nimewaambia, mama zangu, hiyo mngeila jana. Wananicheka."

"Una bahati wewe. Wanakucheka."

"Na wewe ingia, dada. Si uko hapa hapa?"

"Nina geti," Wakesho alisema.

Mwezi wa Juni alikuja afisa wa serikali na karani wake. Aliuliza nani aliuleta mji. Akaambiwa ni mji wa Wazungu na ulijileta wenyewe. Akatembea hatua kadhaa uwanjani, mwanamke mnene akamwamkia, karani akaandika kwamba mahali pale pana wakazi, na kwamba ofisi haina kipingamizi. Wiki iliyofuata kibao kilipigiliwa kwenye nguzo ya geti. Kilisema wenyeji wenye mboga waingie kwa njia hii, na ifikapo saa kumi na moja wawe wametoka. Askari wa shamba aliwekwa chini ya kibao na kengele ya mkono.

Jioni, wakati wa kuondoka mji ulipokaribia, Bwana Kazimiri alipenda kuja kusimama karibu na geti, na kwa kuwa Wakesho alikuwa pale, alimsimulia. Mji wake uliitwa Brzozdów, jina ambalo Wakesho hakujaribu kulitamka. Uliunguzwa na watu wa Uswidi, ukajengwa. Ukaunguzwa na mwokaji aliyelala, ukajengwa tena. Kibao cha posta kilikuwa kimepakwa rangi mara tatu, kila mara kwa lugha ya mfalme mwingine, na mvua ikinyesha sana maandishi ya chini yalijitokeza, na watu walitoka kwenda kuona siku hiyo wako chini ya nani. Ile saa ya mnarani iliachwa nyuma kwa makusudi. Zamani fundi saa alichelewa harusi yake mwenyewe kwa dakika kumi na moja, na bibi harusi akalia, basi wazee wa mji wakakubaliana kurudisha saa nyuma ili awe hakuchelewa. Walikuwa watu wagomvi, alisema, wenye roho ngumu kwa bata na laini kwa watu.

Upande wa mashariki wa uwanja, pamoja na lile duka la mikate, kulikuwa na nyumba za Wayahudi, kumi na nne. Hizo zilikuja na madirisha yamefungwa. Harufu ya mkate ilitoka kila siku, na mwokaji hakuonekana.

"Hawa mimi taja pia," alisema Bwana Kazimiri kwa Kiswahili chake. "Kila siku taja. Nyumba kubali kuja. Watu kataa."

"Wamekwenda wapi?"

"Pelekwa. Na treni."

Wakesho alitazama reli, kisha akamtazama yeye, na kwa dakika moja alimhurumia. Kisha Mpolandi akauliza swali ambalo aliuliza kila jioni kabla ya kwenda zake: "Wewe ona mji wangu leo namna gani, mama?"

"Mzuri, bwana," Wakesho alijibu, kama kila jioni.

Lakini hakuwa akisema alichokusudia. Alikuwa na wivu. Ulikuwa kama mchanga kwenye mboga: haukumzuia kula, ila kila tonge aliusikia. Aliuonea wivu ule ufunguo. Aliionea wivu pampu, na mto wa yule mwanamke mnene, na bata bukini kwa jinsi walivyotembea kama wanaojua wanakotoka. Kwa maana pale penye uwanja wa mawe, kabla ya mji na kabla ya mkonge, palikuwa na kijiji cha Kighombonyi, na Wakesho alizaliwa hapo. Waliondolewa mwaka wa thelathini na moja ili mkonge upandwe. Yeye alikuwa na miaka sita. Alikumbuka nyumba ya baba yake yote, na nusu ya nyumba ya jirani, mwanamke aliyefuga nyuki.

Ikiwa ardhi ile ilikuwa na desturi ya kurudisha vitu, alifikiri, mbona ilianza na cha mgeni?

"Unaonea wivu mawe?" Mulei alimtania. "Mimi kwetu ni Kitui, na Kitui hata barua hainiletei. Mbona silii?"

"Kitui ipo, Mulei. Ukipanda basi utaikuta."

Mulei akamenya muhogo.

Siku moja Wakesho alimuuliza Bwana Kazimiri waziwazi jinsi alivyouleta mji wake. Hakumficha. Kwa miaka minane, kila siku baada ya kazi, alitembea katikati ya mistari ya mkonge akitaja nyumba moja baada ya nyingine, nani alikaa humo, alikuwa na mke gani, alikohoa vipi. Wakata mkonge walikuwa wakimsikia siku zote. Walidhani anaugombeza mkonge.

Basi na Wakesho akaanza. Asubuhi na mapema, kabla wakataji hawajafika, aliingia kwenye mistari na kusema, "Nyumba ya Mwandawiro. Mke wake Mkawasi. Mbuzi saba, mmoja kilema. Nyumba ya jirani, mwanamke wa nyuki, aliyeitwa..." Hapo alikwama. Alirudi mwanzo, akakwama hapo hapo. Alifanya hivyo kwa miezi miwili. Mwishoni mwa Agosti aliyakuta mafiga matatu katikati ya mstari, bado yana moto, na jivu la usiku likiwa baina yake. Aliyajua. Moja lilikuwa na ufa ambao mama yake aliuzibia udongo. Aliketi karibu nayo mpaka jua lilipokuwa kali. Hayakuondoka tena, na hakuna kingine kilichokuja. Wakata mkonge wakawa wanayachemshia chai.

Hapo akaelewa kwamba jambo linawezekana, na kwamba linamhitaji mtu anayejua majina yote. Mtu huyo alikuwa mmoja tu duniani na alikaa nyuma ya nyumba yao wenyewe, juu ya kigoda, akisuka vikapu na kuupa mkonge mgongo. Baba yake, Mzee Mwandawiro, alikuwa ameupa mkonge mgongo kwa miaka ishirini na mitatu. Mji ulipokuja aliuliza tu kama wale bata watavuka reli kula mchicha wake. Mwaka huo kifua kilikuwa kimeanza kumbana, na alipopanda ngazi mbili za mlango alisimama katikati.

"Baba," Wakesho alisema, akimwekea uji. "Yule mama wa nyuki aliitwa nani?"

"Nyuki gani?"

"Wa Kighombonyi."

Mzee alisuka mzunguko mmoja mzima wa kikapu kabla ya kujibu. "Huyo Mpolandi wako alibeba mji wake mdomoni kwa sababu hakumwachia mtu. Sisi tulimwachia mtu."

"Tulimwachia nani?"

Akamwambia, polepole, akipumzika baina ya maneno. Kwa Wadawida wa zamani, watu wa kabila lao, mzee akifa alizikwa, na mwaka ukipita kichwa chake kilitolewa kaburini kwa heshima, kikapelekwa pangoni kukaa na wenzake, kikitazama nje, ili aendelee kuulizwa mambo ya nyumbani. Pango la Kighombonyi lilikuwa kwenye lile jabali jeusi. Amri ya kuhama ilipokuja, wengi walitaka kuwabeba wazee wao kwenye vikapu. Mwandawiro wakati huo alikuwa kijana aliyesoma misheni, na watu walimsikiliza. Alisema wazee waachwe, kwa kuwa hakuna mtu anayechukua boma ambalo wenyewe wameketi mlangoni. Serikali ikiona wamebaki, alisema, itajua kijiji kina wenyewe, na mkonge utapandwa kwingine.

"Afisa aliniuliza, watu wote wametoka? Nikamwambia, wenyewe wamebaki, bwana, wako kule juu. Akapanda mpaka jabalini. Akachungulia. Akashuka, akaandika kwamba mahali hapana watu. Akanipa karatasi nitie sahihi." Mzee alikohoa. "Nilikuwa na mwandiko mzuri sana. Mimi ndiye niliyesema waachwe, Wakesho. Sasa niwataje kwa mdomo gani?"

Uji ulipoa. Wakesho alichukua bakuli akaenda kuupasha tena, na alipokuwa akikoroga alifikiri kwamba Bwana Kazimiri hakuwa na bahati ya ajabu iliyowapita wao. Alikuwa na miaka minane ya kusema. Wivu haukupungua kwa kujua hivyo.

Siku ya kwanza ya Novemba, Jumatatu, Lois alitoka mjini mapema na kabichi zake zote kichwani.

"Leo hawabadilishi mshumaa hata mmoja," alisema. "Leo ni siku ya marehemu wao. Kila mtu ana mshumaa wake, na wanazunguka kama kuku."

"Wanazunguka kwa nini?"

"Hawana makaburi. Yule bwana alitaja nyumba zote lakini makaburi hakuyataja. Aliogopa akiyataja watu watarudi humo. Sasa padri wao amewaambia wafuate njia ya nyuma ya kanisa, kuna marehemu kwenye mwamba."

Mzee Mwandawiro, nyuma ya nyumba, aliacha kusuka. Alisimama, akachukua fimbo yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitatu akageuka akautazama upande ule. Aliona kuba la kijani, akaona jabali juu yake. "Twende," alimwambia binti yake. "Geti mwachie mwenye jina lake."

Mulei alitoka na shuka, akashika geti.

Chini ya kibao, askari wa shamba aliwauliza mboga zao ziko wapi. Lois alimtwika Wakesho kabichi moja, na askari akaridhika. Wakavuka uwanja. Mzee alitembea juu ya mawe yale kana kwamba chini yake kuna majani. Mbele ya posta alisema, "Hapa zizi la Mwangeka," na mbele ya duka la fundi saa akasema, "Hapa mfereji," akainua mguu kuuruka. Wakapita kando ya kanisa, wakapanda njia nyembamba, na watu wa mji wakawapisha na kuvua kofia, kwa sababu walikuwa watu laini kwa watu.

Pango lilikuwa limewaka. Vichwa kumi na saba vilikaa kwenye rafu zao za mawe kama vilivyoachwa, vikitazama nje, na mbele ya kila kimoja mshumaa. Yule mwanamke mnene alikuwa amepiga magoti akimfuta mmoja vumbi kwa ncha ya kitambaa chake, taratibu, kama anavyofutwa mtoto uso. Wapolandi waliimba kwa sauti ya chini.

Wakesho alisimama na kabichi yake. Alikuwa amedhani wivu wake umefika mwisho, na sasa aliuona ukipanda juu zaidi, mpaka machoni. Hata hao. Hata hao walikuwa na mtu wa kuwafuta vumbi, na mtu huyo hakuwa yeye. Miaka minne alipunga bendera mbele ya jabali hili na hakujua nani amekaa ndani.

Wimbo ulipokwisha, Mzee Mwandawiro alisogea mpaka rafu ya kwanza. Alivua kofia. "Mwangeka," alisema. "Nyumba ya kwanza kutoka mferejini. Nimekuja." Akasogea. "Mwashigadi, nyumba ya pili, mwenye kicheko. Mwadime na nduguye Mwanjala, nyumba moja, milango miwili." Kila jina alilotaja, Wapolandi waliitikia kwa neno lao. "Wakio," alisema mbele ya kichwa kidogo chenye meno mazuri. "Wa nyuki. Nyumba iliyogusana na yetu." Akamgeukia binti yake. "Aliitwa Wakio. Alikupa sega la asali mwaka aliokufa, ukalia kwa sababu hukutaka kulishika."

Wakesho alilirudia jina lile kimya, kisha la pili na la tatu, na mengine yote, mpaka yakawa kumi na saba mdomoni mwake. Alingoja. Hakuna nyumba iliyoinuka. Alitoka mlangoni mwa pango akatazama chini, na akaona sababu. Pale pa Mwangeka palikuwa na posta. Pale pa Mwashigadi palikuwa na mwanamke akianika nguo. Nyumba ya Wakio ingekuja ingekuta meza, watu wamekaa, supu mezani. Asubuhi mahali pale palikuwa pa mkonge na jioni palikuwa pa mji, na saa ya Kighombonyi hakuna aliyeitenga. Sasa alikuwa na majina yote, na hapakuwa na pa kuyaweka.

Kengele ya askari ikalia. Ilikuwa saa kumi na moja.

Wakashuka, mzee akiegemea bega lake, akipumua kwa shida lakini uso wake umetulia. Wanawake wa Werugha walikuwa wakitoka mmoja mmoja chini ya kibao. Bwana Kazimiri aliwasindikiza mpaka getini. Macho yake yalikuwa mekundu, na ufunguo ulining'inia juu ya shati safi. Alimshika mzee mkono kwa mikono yote miwili. Alisema amefurahi sana. Alisema mji wake ulikuwa hauna wazee, na leo umepata.

Kisha akamgeukia Wakesho, akauliza kwa upole kama kila jioni, "Wewe ona mji wangu leo namna gani, mama?"

Askari alitikisa kengele tena. Mulei alikuwa ameshika geti wazi. Wakesho aliiweka kabichi chini, juu ya mawe, akajifuta mikono kwenye leso.

"Ni mzuri, bwana," alisema. "Lakini umekaa juu ya kwetu."